Siku Nne za Kutembea Mombasa

Watu wengi wa huku bara hudhani kwamba kusafiri kwa ajili ya kutazama tu ni jambo la matajiri na wageni kutoka Ulaya. Mtu wa kawaida, awe mkulima au karani, husafiri kwa sababu tatu: maziko, ugonjwa, au shule ya watoto. Katika miaka 11 ya ndoa yetu, mimi na mke wangu tulikuwa tumesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila safari ilikuwa mojawapo ya hizo tatu. Hatukuwa tumepata kukaa hata siku moja mahali ambapo hapana mtu anayetungoja kwa haja yake.

Mimi ni karani wa serikali hapa Nakuru, na mke wangu hulima viazi katika shamba letu la ekari mbili upande wa Molo. Kufikia mwezi wa Agosti 2024 tulikuwa tumeweka akiba kidogo kidogo kwa miezi 18, tukapata shilingi 34,000. Kaka yangu mkubwa aliposikia kwamba fedha hizo ni za kutembelea Mombasa, alikuja nyumbani jioni, akaketi, akasema, "Mtembezi hula miguu yake. Fedha hizo zingekuwa nusu ya bei ya mtamba." Maneno yake hayakuwa ya chuki, na hesabu yake ilikuwa sawa. Nalimjibu kwa heshima kwamba mtamba tutamnunua, Mungu akipenda, lakini ujana wetu haungojei. Alipokwisha kwenda, mke wangu aliniuliza, "Baba watoto, je, hawatasema ya kwamba mimi ndiye niliyekupotosha?" Nikamwambia kwamba huenda wakasema hivyo, na kwamba sisi tutakwenda.

Basi tuliwaacha watoto kwa nyanya yao, tukapanda matatu alfajiri hadi Nairobi, na kutoka huko tukashika gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Nauli ya daraja la kawaida wakati huo ilikuwa shilingi 1,500 kwa mtu mmoja. Reli hiyo ina urefu wa kilomita 472 hivi, nasi tuliimaliza kwa muda wa saa tano. Tulipopita Tsavo, abiria wote walisimama upande mmoja kutazama ndovu, wekundu kwa vumbi la nchi ile. Mke wangu aliwahesabu kwa sauti kama mtoto, akafika 14.

Yafaa msomaji akumbuke kwamba Nakuru yenyewe ni mtoto wa reli. Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Nakuru mwaka 1900. Hapo penye stesheni ndipo mji ulipoota. Kwa hiyo mtu wa Nakuru aendaye Mombasa huwa kama anayekwenda kuona mahali alipotoka babu yake.

Tulipata chumba katika nyumba ya wageni karibu na Mwembe Tayari. Sisi tumezoea baridi ya Molo, na usiku wa kwanza joto lilitunyima usingizi. Lakini asubuhi tulipoletewa mahamri na mbaazi za nazi, mke wangu alisema kwamba kwa chakula hiki joto tutalisamehe.

Siku ya kwanza tulikwenda Ngome ya Yesu. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1696 Waarabu wa Oman waliizingira, na vita hivyo vilidumu hadi Desemba 1698, yaani karibu miaka mitatu. Serikali ya Kiingereza iliifanya gereza tangu mwaka 1895 hadi 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mambo hayo mengi nalikuwa nimeyasoma shuleni. Lakini mke wangu, aliyeketi juu ya ukuta akitazama bahari, aliuliza jambo ambalo mwalimu wetu hakupata kutuambia: "Wale waliofungiwa humu, walikula nini miaka yote hiyo?" Tulimwuliza kiongozi wetu, naye akatueleza juu ya njaa na tauni vilivyowaua watu wengi ndani ya kuta zile kuliko silaha. Tulikaa kimya kitambo. Mkulima huitazama ngome kwa jicho la ghala.

Jioni tulizunguka Mji wa Kale. Njia ni nyembamba, milango imechongwa maua, na msikiti wa Mandhry umesimama tangu mwaka 1570. Tulikunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo. Kiswahili chetu cha bara kiliwafurahisha wenyeji, wala hawakutudharau. Mzee mmoja alimsahihisha mke wangu kwa upole, akamwita "mwanangu", akakataa kupokea bei ya kahawa yetu.

Siku ya pili tulivuka Likoni kwa feri. Wendao kwa miguu hawalipi nauli. Mtu asiyepata kuona umati wa asubuhi pale hawezi kuufikiri: wafanya kazi, wanafunzi, mikokoteni na baiskeli, wote wakiingia kwa pamoja. Nalimweleza mke wangu habari za msiba wa tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka katika kivuko cha jirani, watu zaidi ya 250 wakafa. Alinishika mkono hadi ng'ambo, na tulipofika hakuuachilia. Katika nchi yetu mume na mke hawatembei wameshikana mikono, lakini pale hapakuwa na mtu aliyetujua.

Mchana tuliketi chini ya miti ya Mama Ngina, mahali panapotazama mlango wa bahari, tukaziona meli zikiingia Kilindini. Jina hilo maana yake ni penye maji ya kina kirefu. Meli moja ilipita karibu mno, ndefu kuliko mtaa wetu wote, imepangwa makasha kama matofali. Hapo nalianza kuhesabu: mbolea tunayotia shambani huingia kwa mlango huu, na ngano nyingi isagwayo bara, na magari, na dawa. Mafuta huteremshwa hapa yakasukumwa ndani ya bomba, lililofika Nairobi mwaka 1978 na Nakuru mwaka 1994. Chai ya Kericho hunadiwa katika mji huu kabla ya kwenda ng'ambo. Malori yale tuyaonayo kila siku yakipita Nakuru kwenda Malaba, yamebeba shehena za Uganda, Rwanda, Sudani ya Kusini na mashariki ya Kongo, na yote yameanzia hapa. Mtu aweza kulima maisha yake yote asipate kuona mlango ambao bei zake zinapitia.

Wakati nikiwaza hayo, mke wangu alikuwa amenunua viazi karai, yaani viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika uji wa unga wa manjano na kukaangwa, vikaliwa kwa ukwaju. Alikimega kimoja, akakitazama, akasema, "Hiki ni Shangi." Akamwuliza mwuzaji amevitoa wapi. "Kongowea, dadangu. Hutoka kwenu bara."

Siku ya tatu mimi nalitaka kwenda pwani ya Nyali, lakini yeye alitaka Kongowea, basi tukaenda kwanza Kongowea. Njiani tulishuka Kengeleni kuona kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika biashara ya utumwa. Kengele ile iliwaonya watu hatari ilipokaribia, na hata leo mahali pale panaitwa kwa jina lake.

Soko la Kongowea ni kubwa, lenye makelele na matope. Mke wangu aliingia katikati ya magunia ya viazi kama mtu aliyefika kwao. Alizungumza na mama mmoja mwuzaji wa jumla kwa muda wa saa nzima, nami nikasimama nimeshika mkoba. Ilionekana kwamba bei ya gunia pale ilikuwa karibu mara mbili ya ile tuliyolipwa na dalali shambani. Lakini yule mama alikuwa mwungwana, akaeleza pia upande wa pili: nauli ya lori, wapagazi, ushuru, na viazi vinavyooza. Shangi huchipua upesi, na katika joto la Mombasa haingoji. Kwa hiyo yafaa ivunwe ikiwa imekomaa ngozi, isipakiwe na maji, wala gunia lisijazwe kupita kiasi. Waliandikiana namba za simu. Mwezi wa Desemba, mke wangu na wenzake wanne walikusanya magunia 30 wakayapeleka kwa lori moja. Mawili yalioza. Baada ya gharama zote kila mmoja alipata faida kuliko bei ya dalali, si kubwa, lakini ya kuonekana. Tangu hapo hakuna aliyesema kwamba mwanamke yule alimpotosha mumewe.

Hata hivyo, sipendi msomaji afikiri kwamba safari ilikuwa njema kwa sababu ya viazi. Kama soko lingekuwa limefungwa siku ile, ningeandika maneno haya haya. Siku ya nne tuliketi mchangani tukatazama maji yakipwa, na mke wangu akanieleza mambo ya utotoni mwake ambayo kwa miaka 11 sikupata kuyasikia, kwa maana nyumbani kila tuanzapo kuzungumza, mtoto hulia au ng'ombe hulia.

Kwa mwenye nia ya kwenda, nasema hivi. Wekeni akiba pamoja, ili safari isiwe zawadi ya mmoja kwa mwingine. Nendeni baada ya mavuno, mkate tiketi mapema, kwa maana wakati wa sikukuu gari hujaa. Chukueni nguo nyepesi. Mwulizeni mwenyeji njia, naye atawaonyesha. Tena kila mmoja achague siku yake: siku moja mume aongoze, na siku ya pili mke aongoze, na asiyeongoza ashike mkoba.