Uko mutu wa wapi?

Malemba-Nkulu. Kila jioni, karibu na mto Lualaba, mwalimu mmoja mustaafu huweka redio yake juu ya kiti, na yeye mwenyewe hukaa chini kwenye mkeka. Vijana wa taxi-moto humcheka: "Papa, kiti ni ya redio?" Naye hujibu: "Hii redio njo ilinifundisha miye niko nani."

Hafanyi mzaha. Alikuwa na miaka saba wakati wa dipanda. Tarehe 30 Juni 1960, kule Léopoldville, mfalme Baudouin wa Ubelgiji alisifu kazi ya Léopold II, kisha Patrice Lumumba akasimama na kukumbusha matusi, mapigo na kazi za shuruti. Siku 11 baadaye Moïse Tshombe akatangaza Élisabethville kwamba Katanga ni nchi. Kwa hiyo mtoto huyo alikuwa Mkongomani kwa siku 11, halafu akaambiwa ni Mkatanga. Baba yake, mtu wa Balubakat ya Jason Sendwe, hakutaka kusikia habari ya Katanga hiyo. Waluba wengi wa kaskazini waliikataa pia, na waliilipia: vijiji vilichomwa, na mwaka 1961 maelfu ya ndugu zao waliokuwa wakiishi Élisabethville walikimbilia kambini. Januari 1963 nchi ya Tshombe ikaisha.

Kisha Mobutu. Oktoba 1971 Kongo ikawa Zaïre, Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka uliofuata jina la ubatizo la kijana huyo likafutwa kwenye daftari la shule. Tai iliingia sandukuni, watu wakaitana "citoyen". Leo ni rahisi kuyacheka hayo. Mwalimu hayacheki. Anasema wazi kwamba aliyapenda, kwa sababu wakati ule hakuna aliyemuuliza "uko mutu wa wapi?" Ni kweli pia kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuuliza mengine: bei ya unga, pesa za shaba zinakwenda wapi, nani amefungwa. Umoja ule ulishikiliwa na mdomo mmoja. Tarehe 24 Aprili 1990, N'Sele, mdomo huo ulipotangaza mwisho wa chama kimoja, Mobutu mwenyewe alitoa machozi, na midomo mingine ikafunguka.

Wakati huo mwalimu alikuwa akifundisha Likasi. Agosti 1992 Mkutano mkuu wa taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa tayari akihutubia mikutano kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na watu wa Kasai wakaitwa bilulu, wadudu. Mtu ukishamwita kilulu, kumfukuza kunakuwa kama kufagia nyumba. Lakini neno peke yake halikutosha. Kulikuwa na nyumba za kuchukua na nafasi za kazi Gécamines. Hotuba iliwapa ruhusa waliokuwa na hamu tayari. Familia zilikaa kwenye gare ya Likasi wiki nyingi zikingoja treni, watoto wakafia pale pale. Jirani wa mwalimu, naye mwalimu, alipanda mojawapo ya treni hizo. Walikuwa wakisahihisha mitihani pamoja. Kinachomuuma zaidi ni kwamba Waluba wa Kasai wenyewe wanasimulia kuwa mababu zao walitoka huku Katanga.

Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila akajitangaza rais akiwa Lubumbashi, Zaïre ikawa Kongo tena. Alihutubia kwa Kiswahili, na watu wa huku walifurahi kusikia rais anasema lugha yao. Alihimiza watu wasiisaliti Kongo kamwe. Hadi leo kila mwanasiasa anarudia maneno hayo, mara nyingi akimnyooshea kidole mwenzake. Mwaka 2021 likaletwa pendekezo la kwamba urais uwe wa mwenye baba na mama Wakongomani tu, na hesabu ya nani ni mtoto wa kweli ikaanza upya.

Novemba 2023, mwezi wa kampeni, hesabu hiyo ilifika Malemba-Nkulu. Kijana wa taxi-moto aliuawa, na watu wenye asili ya Kasai wakashambuliwa kwa kisasi. Baadhi waliuawa, nyumba zikachomwa, familia zikakimbia. Swali barabarani lilikuwa lile lile la Likasi.

Familia moja ilimwachia mwalimu ufunguo usiku. Mama wa nyumba alisema tu: "Papa, utatuangalilia mlango." Watoto wake wawili walizaliwa hapa hapa na wanasema Kiluba cha hapa kuliko vijana wengi wa mtaa. Mara kwa mara anapiga simu kuuliza kama bati za nyumba bado ziko, na kama kuna wenye kusema vibaya juu yao kwenye redio. Mwalimu anamjibu yale aliyoyasikia siku hiyo, mazuri na mabaya. Ufunguo ameufunga kwa uzi kwenye antena.