Mwenye Tumbo ni Mimi

Nilizaliwa na kukulia Lamadi, pale barabara ya Mwanza na Musoma inapokutana na ile iendayo Bariadi. Upande mmoja kuna Ziwa Victoria, upande mwingine pori la Serengeti. Hapo nilijifunza mengi juu ya dagaa, pamba na mifugo, lakini juu ya uzazi nilijifunza jambo moja tu, nalo nililisikia kwa bibi yangu: mwanamke anayepasuliwa ni mvivu wa kusukuma. Sikuwahi kulihoji neno hilo. Nililibeba hadi chuoni, na mwaka 2013 nikaingia nalo katika chumba cha upasuaji.

Nilikuwa mwanafunzi wa utabibu, nimepangiwa mazoezi katika hospitali moja ya kanda yetu. Usiku mmoja aliletwa binti wa miaka kama ishirini, mimba yake ya kwanza, uchungu umemshika tangu alfajiri ya jana yake. Alikuwa amebebwa kwa baiskeli, kisha pikipiki, kisha gari la wagonjwa. Daktari alimpima akasema njia imefunguka yote lakini kichwa cha mtoto hakishuki, na mapigo ya moyo wa mtoto yameanza kupungua. Ilibidi apasuliwe, tena upesi.

Mama mkwe alikataa. Mwanawe alikuwa ziwani anavua. Arudi kwanza, ndipo atoe neno. Muuguzi alimsihi mpaka akachoka. Ndipo binti mwenyewe, ambaye tulidhani hana tena nguvu ya kusema, akanyoosha mkono.

"Leteni hiyo karatasi. Mwenye tumbo ni mimi."

Akatia sahihi.

Kwa kuwa alichomwa ganzi ya uti wa mgongo, alikuwa macho. Kazi yangu ilikuwa kusimama kichwani pake na kumsemesha. Aliniuliza natoka wapi. Niliposema Lamadi, akafumba macho, akasema, "Basi usiondoke, kaka."

Daktari alikata ngozi, mafuta na utando mgumu, akatenganisha misuli kwa vidole, akaufikia mfuko wa uzazi. Yote hayo niliyasoma kitabuni, yakiwa na majina na rangi. Kitabu hakikutaja harufu, wala jinsi damu inavyochuruzika hadi kwenye mabuti. Magoti yakanilegea. Muuguzi, mtu mzima kuliko mama yangu, aliniambia bila kugeuka, "Mwanangu, kama ni kuanguka, angukia ukutani, si kwenye vyombo vyangu." Nikajikaza.

Mtoto alitolewa baada ya dakika chache tu. Alikuwa wa kiume, amelegea, kimya.

"Mbona halii?" mama akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Muuguzi alimkausha kwa taulo, akamsugua mgongo, akampulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Nilimshika binti yule mkono, au pengine ni yeye aliyenishika mimi. Kisha ikasikika sauti ndogo kama ya paka, halafu kilio kamili. Daktari hakuinua kichwa. Alikuwa bado na kazi ya kushona, ambayo huchukua muda mrefu kuliko kumtoa mtoto.

Nilitumwa nje kupeleka habari. Nilimwamkia mama mkwe, nikamwambia wote wawili ni wazima. Akaniuliza, "Kwa nini hakusukuma?"

Nilisikia sauti ya bibi yangu. Nikamjibu, "Alisukuma, mama, mpaka akaishiwa. Mlango ulikuwa mdogo kuliko mgeni."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wangu wawili waliishia mlangoni hapo hapo." Akaniambia, "Wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, akajifunika kanga uso.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga wa Bunyoro, huko Uganda, akimpasua mama mjamzito na kutumia pombe ya ndizi kumsafisha. Mama na mtoto walipona. Kumbe kisu hiki si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015-16, na 104 katika ule wa 2022. Wapo wengi waliopona, lakini hao 104 nao wana majina.

Ndugu msomaji, wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi, nisiyeweza kuzaa, nilithubutu kuuhukumu uchungu huo kwa miaka mingi. Upasuaji una hatari zake, na si kila mama anauhitaji. Lakini anayeuhitaji asingojeshwe mpaka mtumbwi urudi, wala akipona asiitwe mvivu. Binti yule alilala juu ya meza ile akiwa macho, akakubali kukatwa ili mwanawe apumue. Tangu usiku ule, neno la bibi yangu sijalisema tena.