Mtoto na Maji: Mafunzo ya Safari ya Turkana



Mtu wa pwani afikapo Lodwar huikumbuka bahari kwa ukavu wa upepo. Ardhi ni mchanga na mawe, na jua halina huruma. Hata hivyo, maji yapo. Mto Turkwel unapita kando ya mji, umepambwa kwa mikoma, ukielekea Ziwa Turkana. Na jioni watoto huteremka kuchota, kufua na kuoga.

Katika ziara yetu kwa ndugu zetu Waislamu wa huko, mama mmoja mwenye asili ya Mombasa alituuliza swali. Watoto wake wawili, wa miaka mitano na wa miaka tisa, wameahidiwa na mjomba wao kwamba likizo ijayo atawapeleka Wasini waogelee na pomboo. Baba yao ameridhia. Yeye ana hofu. Je, watoto hao wamefikia umri wa jambo hilo?

Hatukumjibu siku ile. Kesho yake tulishika njia ya Kakuma, mwendo wa kilomita 120 hivi. Mji huo unajulikana duniani kwa kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, na humo adhana husikika na watoto wa mataifa mengi husoma Qur'ani pamoja. Hapo upo mto Tarach, ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Tuliwakuta watoto wakichezea mpira ndani yake. Mgeni huona uwanja. Mwenyeji huona mto. Mvua ikinyesha mbali, milimani magharibi, mafuriko huweza kufika ilhali mbingu ya Kakuma ni safi. Bibi mmoja alisimama ukingoni, akaita mara moja tu, na watoto wote wakapanda juu. Hapakuwa na hatari yoyote saa ile. Ilikuwa desturi.

Tendo hilo lilitupa nusu ya jibu. Sisi huuliza, "Mtoto anajua kuogelea?" Wenyeji wa Tarach huuliza kwanza, "Akiitwa, anatoka?" Mtoto asiyetii mwito wa kwanza hajawa tayari kwa maji, hata akiogelea kama samaki.

Nusu ya pili imo ziwani. Ziwa Turkana lina mamba wengi, na Kisiwa cha Kati kinasifika kwa kuwa mazalio yao. Hakuna mzazi wa huko amwambiaye mwanawe kuwa mamba ni rafiki. Sisi wa pwani, kwa kuwa pomboo anaonekana kutabasamu, humdhania mwanasesere. Tabasamu lile ni umbo la kinywa chake tu. Ni mnyama wa mwituni, aweza kufikia kilo 200, na pigo la mkia wake si jambo dogo kwa mtoto. Naye pia ana haki yake: wachunguzi wa pomboo wa Kizimkazi, Unguja, waligundua kuwa mashua za watalii zikiwaandama, hupungukiwa na muda wa kupumzika na kula. Kuwafukuza viumbe wa Mwenyezi Mungu kwa ajili ya burudani si malezi mema.

Dini yetu imetufundisha kwenda kwa daraja. Hata sala, nguzo ya dini, mtoto huamrishwa afikapo miaka saba. Shirika la Afya Duniani nalo linahimiza watoto wafundishwe kuogelea na kujihadhari na maji kuanzia umri wa kwenda shule, miaka sita au zaidi. Basi tulimshauri mama yule hivi: wa miaka mitano akae mashuani, amevaa jaketi la kuelea, atazame na kumsabihi Muumba wake. Wa miaka tisa aingie ikiwa ameshazoea maji yenye kina, anatii mwito, hana woga wala hashurutishwi, bahari imetulia, na pembeni yake, umbali wa mkono, yupo mtu mzima ajuaye kuogelea.

Aliposikia sharti la mwisho alinyamaza, kisha akasema, "Sheikh, mimi sijui kuogelea, na baba yao hajui."

Hapo ndipo penye uzito, enyi wazazi. Tunapima utayari wa watoto na kusahau wetu. Nahodha ana chombo cha kuongoza na abiria wengi. Amana ya mtoto ni yetu. Kina mama wengi wa pwani wamekulia hatua chache tu kutoka baharini bila kufundishwa kuogelea, kwa kuchelea sitara. Sitara ni wajibu, wala haizuii elimu: wanawake kwa wanawake, mahali pa faragha, kwa vazi la heshima, jambo hili linawezekana. Ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.

Mama yule ameazimia watoto wote wawili watazame kutoka mashuani mwaka huu, naye aanze kujifunza akifika nyumbani. Pomboo watakuwapo mwakani, in shaa Allah.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa bara na wa pwani, katika nchi kavu na majini. Aamin.