Tundu la Kwanza

Mwaka 1973, chama cha TANU kilipopitisha azimio la kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, mimi nilikuwa kijana wa tupa na bisibisi katika karakana moja ya mjini, nikijifunza kutengeneza bunduki za upepo, ambazo wakulima wa zabibu wa upande wa Bihawana waliwafukuzia ndege. Wakati wa kiangazi upepo wa nchi ile huvuma tangu asubuhi hadi magharibi, na risasi ya nusu gramu haina ubavu wa kushindana nao. Kwa hiyo bunduki tukizijaribu alfajiri, kabla vumbi halijainuka.

Kosa langu moja lingali likinichoma moyo. Mzee mmoja wa Kigogo alinijia na bunduki ya springi yenye darubini, akaniambia, "Mwanangu, hii ilikuwa haikosi, sasa inapiga itakako." Nami, kwa ghururi ya ujana, nikahukumu papo hapo kwamba darubini imekufa, naye kwa kuniamini akanunua nyingine, ambayo haikutimiza mwezi ikaanza kupotea vilevile. Ndipo nilipotafakari jambo lililonipasa kulijua kabla, ya kuwa bunduki ya baruti hurudi nyuma tu, ilhali ya springi hurudi nyuma kisha, pistoni igotapo mwisho wa silinda, huruka mbele ghafula, na mshindo huo wa pili ndio uvunjao darubini isiyoundwa kuustahimili, au, kama ilivyokuwa kwa mzee yule, hulegeza parafujo na kuisogeza darubini nyuma kidogo kidogo. Ile ya kwanza haikuwa na dosari. Nilimlipa fedha zake zote.

Tangu hapo sikuhukumu chombo pasipo karatasi. Kwa umbali wa mita 25, kiganja changu kikiwa baina ya bunduki na gunia la mchanga, maana bunduki ya springi ikilazwa juu ya kitu kigumu hutawanya risasi, nilipiga tano. Kisha nikazungusha kifundo cha darubini milio 40 juu, ambapo kila mlio, kwa robo ya dakika ya pembe, huhamisha shabaha milimita 1.8 hivi, nikapiga; halafu 40 kulia, 40 chini, 40 kushoto, hata mraba ukatimia.

Darubini isiyorejea kwenye tundu lake la kwanza sikumkabidhi mwenyewe, hata aliponisihi kwamba ndege wanammalizia shamba.