Ruhusa Imekataliwa: Nani Ashike Ufunguo wa Kumbukumbu?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, zipo pia daftari zinazopotea kwa sababu aliyepewa wajibu wa kuzihifadhi hakupewa mamlaka ya kuutekeleza.

Niliwahi kuitwa kusaidia ofisi moja inayotunza matokeo ya wanafunzi. Seva yao ya Linux ilikuwa imeunganishwa na mashine ya kanda za sumaku, na kila usiku programu ya nakala rudufu iliacha ujumbe uleule: ruhusa imekataliwa. Zilipendekezwa njia mbili. Ya kwanza, programu iendeshwe kwa jina la root, mtumiaji mkuu asiyezuiwa na mlango wowote. Ya pili, amri ya chmod 666 ifungue kifaa hicho kwa kila mtu. Nilizipinga zote. Kwa root, kosa dogo katika programu lingeweza kuharibu seva nzima. Kwa chmod, yeyote mwenye akaunti angeweza kufuta kanda. Tena seva ikizimwa na kuwashwa, faili la kifaa huundwa upya na kurudia ruhusa zake za awali.

Tukaanza kwa kuuliza mwenye mlango ni nani. Amri ya ls -l /dev/nst0 ilijibu: mmiliki ni root, kundi ni tape, wengine hawana haki yoyote. Amri ya id ikaonyesha kwamba mtumiaji anayeendesha nakala hakuwamo katika kundi hilo. Dawa ikawa mstari mmoja: usermod -aG tape, likifuatiwa na jina lake. Herufi a si pambo. Ikisahauliwa, mtumiaji huondolewa katika makundi yake mengine ya ziada. Kisha tukaianzisha programu upya, kwa kuwa iliyokwisha kuanza haiutambui uanachama mpya.

Hata hivyo, kuandika kwenye kanda ni nusu ya kazi. Mtumiaji huyo alihitaji pia kuyasoma mafaili ya matokeo. Kwa setfacl tukampa haki ya kusoma tu, bila ya kubadilisha. Mwisho tulirudisha faili moja kutoka kwenye kanda na kulilinganisha na la asili. Nakala isiyowahi kurudishwa ni tumaini tu.

Ofisi zetu za umma zinaugua maradhi yaleyale mawili. Kuna mkuu anayeshikilia kila saini, kazi zikalala akisafiri. Na kuna kabati lililoachwa wazi kwa kila mpita njia. Yote mawili hukwepa swali gumu: nani anahitaji nini, na kwa kiasi gani? Anayekataliwa ruhusa asikimbilie kuvunja kufuli. Naye mwenye kutoa ruhusa akumbuke kuwa kumpa mtu wajibu bila ufunguo wake ni kumwandalia lawama. Gharama yake ataibeba mwanafunzi atakayekuja miaka kumi baadaye kutafuta matokeo yake, aambiwe hayapo.