Saa Saba Nilizozisahau

Leo naungama mbele yako kosa la hesabu.

Mwaka jana mwezi wa Julai Mama alikuwa mgonjwa sana nyumbani Kakamega, na kila siku alimuulizia kifungua mimba wake, dada yangu anayeishi New Jersey. Dada akakata tiketi ya New York hadi Nairobi, kuondoka Jumanne saa sita na nusu mchana. Safari ni kama saa 14. Mimi, mchungaji mzima, nikahesabu kwa vidole na kumwambia Mama, "Saa nane na nusu usiku atakuwa ametua."

Mama akakataa kulala. Saa nane na nusu ikafika, simu ya dada imezimwa. Saa tisa, imezimwa. Saa kumi Mama akanigeukia: "Mwanangu, ndege imeanguka. Kwa nini mnanificha?" Niliomba kwa sauti kubwa, lakini nakwambia ukweli, hata mimi nilikuwa natetemeka.

Dada alipiga simu saa tatu na nusu asubuhi, akicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba saa sita mchana ya New York ni saa moja jioni kwetu. Nilipomwambia Mama kwamba binti yake yuko hewani, binti alikuwa bado kitandani kwake. Mama alipomlilia, ndege ilikuwa nusu ya njia, salama kabisa.

Basi wewe uliye na mtu kule, shika hili. Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800. Kenya Airways ilianza kwenda moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Zamani ilikuwa lazima ubadilishe ndege njiani. Kwenda ni kama saa 15, kurudi hupungua kidogo, kwa sababu upepo wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege inayokuja huku. Tofauti ya saa ni 7 majira yao ya joto, na 8 kuanzia Novemba hadi Machi, wanaporudisha saa zao nyuma. Halafu usisahau barabara! Kutoka Nairobi hadi Kakamega dada alikaa garini saa 8, zaidi ya nusu ya muda aliokaa angani.

Alifika jioni. Mama alimshika mkono hadi akapitiwa na usingizi.

Wiki tatu baadaye, Mama akiwa amepata nguvu ya kuketi nje, dada aliondoka Nairobi saa sita usiku. Alipopiga simu akasema kwao ni saa mbili asubuhi. Mama akahesabu kwa vidole vyake, akaniita.

"Mchungaji, kuja kwetu ni usiku na mchana. Kwenda kwao ni saa nane tu. Mbona kwenda ni karibu hivyo?"

Nikaenda kutafuta kalamu na karatasi.