Gari gani la kwenda Racetrack na watoto?

Kutoka Ubehebe Crater hadi Racetrack, katika jangwa la Death Valley, California, ni kilomita 43 za matuta madogo madogo na mawe makali yanayochana tairi. Mzazi mwenye watoto kiti cha nyuma ataipenda Ford F-150 Raptor: koili springi zake humeza matuta. F-250, iliyoundwa kwa mizigo mizito, ikiwa tupu hurukaruka na kuwatapisha. Lakini Raptor hubeba takriban kilo 600 tu, abiria wakiwemo. Anayevuta karavani nzito achukue F-250, karavani aiache kambini. Mimi ningechukua Raptor, nipunguze viti na majiko (nani hupika jangwani?), si maji. Lita 4 kwa mtu kwa siku. Mtoto hukaukiwa haraka, na huko simu haishiki.